Wenye magari ya mizigo tuache kubania pesa ya breki

WAKULIMA na wafanyabiashara wa mazao tuna daftari la karibu kila kitu. Tunaandika mbegu, mbolea, dawa ya kupulizia, vibarua, magunia, ushuru na mafuta ya gari. Lakini ukilifungua daftari hilo ukatafuta mahali palipoandikwa breki, aghalabu hutapaona. Breki huingizwa kwenye fungu la matengenezo madogo madogo, na kwa wengi wetu fungu hilo hutoka mfukoni mwa dereva.

Hoja yangu leo ni kwamba pedi na diski za breki si matengenezo madogo, na anayepaswa kuzichagua na kuzilipia ni mwenye gari mwenyewe. Kazi hiyo tukimwachia dereva anayefukuzia hesabu ya siku, atachagua boksi la bei ya chini kabisa dukani. Nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Naandika haya nikiwa mkosaji. Nilikuwa na pikapu iliyokuwa ikishusha kabichi, karoti na nyanya kutoka Lushoto hadi Mombo. Dereva wangu alikuwa kijana makini. Tulikubaliana kama wengi wanavyokubaliana: analeta hesabu kila jioni, mafuta na matengenezo madogo ni juu yake, matengenezo makubwa ni juu yangu. Hatukuwahi kukaa chini tukasema breki ziko upande gani.

Pedi za mbele zilipokwisha alinipigia simu. Nikamwambia anunue za bei nafuu, tungezungumza mwisho wa mwezi. Akanunua alichoweza. Wiki ya tatu akaniambia, "Bosi, nikishuka Soni gari inanuka, na nikikanyaga breki usukani unatetemeka." Nikamjibu avumilie mpaka msimu wa nyanya uishe.

Siku chache baadaye, chini kidogo ya Soni, kanyagio la breki lilizama hadi sakafuni. Alirudisha gia, akavuta breki ya mkono na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa upande wa mlimani. Nyanya zilimwagika, bampa na taa vikavunjika, lakini yeye na utingo wake walitoka wazima. Upande wa pili wa barabara ile ni bonde.

Fundi alipofungua tairi alikuta pedi moja imekwisha mpaka chuma kinasaga diski. Pini ya kalipa ilikuwa imeganda, diski ina mifereji ya kuingia ukucha, na mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Kwa hiyo pedi hazikuwa mkosaji peke yake. Nilipojumlisha diski mbili, pedi mpya, bampa, taa, nyanya za watu na siku ambazo gari lililala gereji, ile pesa niliyoikoa kwenye boksi haikuonekana hata mahali pa kuiandika.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, nami niliambiwa mapema.

Tuangalie kwanza kazi tunayoipa breki. Breki haimezi mwendo, bali inaugeuza kuwa joto. Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, joto linalotakiwa kutolewa ili lisimame ni mara nne ya lile la kilomita 40, si mara mbili. Mlimani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mlima unaendelea kulisukuma gari hata kama dereva haongezi mwendo.

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na hushuka zaidi ya mita 800. Pikapu yenye jumla ya kilo 2,500 pamoja na mzigo, ikishuka mita 800, huachia nguvu ambayo kama yote ingegeuka joto ingechemsha karibu ndoo tatu za lita 20 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo, na sehemu nyingine na injini kama dereva yuko kwenye gia ndogo. Inayobaki yote huishia kwenye pedi, diski na dramu za nyuma. Anayeshuka Kitonga au Sekenke na mzigo analijua jambo hili kwa pua yake.

Hapo hatujazungumzia lumbesa. Mwenye gari anahesabu magunia 15, lakini kila gunia limeongezewa kilemba juu. Anadhani amepakia kilo 1,500 kumbe amepita mbali. Breki hazihesabu magunia, zinahesabu kilo.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "bei gani?" Swali liwe: gari hili linabeba nini, na linapita wapi? Pedi zinazouzwa huku kwetu ziko za aina kuu tatu, na kila aina ina kazi yake.

Ya kwanza ni zile zilizotengenezwa kwa nyuzi zisizo za chuma na gundi maalumu. Hizi ni laini, hazipigi kelele na hazili sana diski. Magari mengi madogo ya Kijapani huja nazo kutoka kiwandani. Kwa gari la familia linalozunguka mjini zinatosha kabisa. Tatizo lake ni kwamba zile za daraja la chini huchoka haraka zikipata joto kali.

Ya pili ni zile zenye chuma kingi ndani yake, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake. Hizi huhimili joto zaidi na hulipitisha vizuri, ndiyo maana zinafaa kwa gari la mizigo na la milimani. Lakini zina kelele kidogo, hutoa vumbi jeusi, na diski nayo huliwa haraka zaidi. Asubuhi zikiwa baridi baadhi huhitaji kukanyagwa kwa nguvu.

Ya tatu ni zile ziitwazo za seramiki. Ni kimya, vumbi lake ni dogo na huitunza diski. Bei yake huwa juu, na wauzaji husema ni bora kuliko zote. Mimi sikubali moja kwa moja. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya utulivu wa magari ya kutembelea. Mwenye pikapu ya viazi asilipe pesa nyingi kwa ajili ya ukimya tu, ila mtengenezaji awe amesema wazi kwamba pedi hizo ni za gari la mizigo la aina yake.

Maana yake ni kwamba pedi ghali inaweza kuwa pedi isiyofaa. Hoja yangu siyo kwamba tununue za bei ya juu. Tununue zinazolingana na kazi.

Sasa utazijuaje dukani, katika soko lililojaa boksi zinazofanana? Usianze na boksi. Boksi huchapwa popote. Toa pedi yenyewe, igeuze, usome bati la nyuma na ubavu wake.

Pedi nyingi zina herufi mbili mwishoni mwa maandishi yake, kama EE, FE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza jinsi pedi inavyoshika ikiwa kwenye joto la kawaida, na ya pili inaeleza inavyoshika ikiwa imepata moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye FE inakuambia yenyewe kwamba ikipata moto mshiko wake unapungua. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani wala ubora wake wote, lakini kwa mtu wa milimani ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na muuzaji.

Aidha, pedi zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyotoa idhini. E1 ni Ujerumani, E11 ni Uingereza. Karibu yake huwa na maandishi 90R, ikimaanisha kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka pedi ya badala isipishane na ile ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika kusimamisha gari. Pedi za asili za Japani zinaweza zisiwe na alama hiyo, kwa hiyo kuikosa si ushahidi kwamba ni feki. Nayo alama hughushiwa. Hata hivyo, boksi linalodai kutoka Ulaya huku pedi yake haina maandishi yoyote, lirudishe kaunta.

Kisha tumia macho. Bati la nyuma liwe limenyooka, lisiwe na kutu wala mapovu ya rangi. Nyama ya pedi iwe imeshikana na bati pande zote bila ufa. Linganisha pedi zote nne, ziwe na unene mmoja. Ukisugua kona kwa ukucha ikatoka unga, hiyo si ya kushuka nayo mlima. Chukua namba ya chasisi na pedi ya zamani, maana gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na kalipa tofauti.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: pedi za mtumba. Diski ya mtumba inaweza kupimwa, lakini pedi iliyolowa mafuta au kuungua gari lingine haina kipimo cha kukuambia. Pia mwambie fundi aache kupuliza vumbi la breki kwa mashine ya upepo. Zamani pedi nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani ya mapafu, ambayo Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku mwaka 2005. Kwa pedi usiyojua ilikotoka huwezi kujua kilichomo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Upande wa diski, kosa letu kubwa ni kubadilisha pedi tu bila kuipima diski. Diski nyingi zina namba ndogo iliyogongwa kwenye ukingo au kitovu chake, ikionyesha unene wa chini unaoruhusiwa kwa milimita. Fundi mwenye kipimo cha venia anaweza kuupima kwa dakika moja. Ikiwa diski imefika hapo, hakuna cha kuchonga, ni kubadilisha. Diski nyembamba hupata moto haraka na inaweza kupasuka. Kuichonga diski yenye mifereji ni halali kabisa, ila iwe bado itabaki juu ya namba hiyo baada ya kuchongwa.

Diski hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, na pedi vivyo hivyo. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande siku utakayokanyaga ghafla. Kama diski ya kiwandani ina matundu ya hewa katikati, usikubali ngumu isiyo na matundu kwa sababu tu imeingia. Zile zilizotobolewa usoni kwa urembo hazina faida kwa mtu wa kabichi.

Nao usukani unaotetemeka si lazima uwe diski iliyopinda. Mara nyingi ni kutu kwenye kitako cha habu ambacho fundi hakukisafisha kabla ya kuikaza diski, au nyama ya pedi iliyogandia sehemu moja ya diski. Kabla hujalipia diski nyingine, agiza kitako kisuguliwe hadi king'ae.

Pedi nzuri inaweza kuharibiwa na ufungaji mbaya. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi inayovumilia joto, bila kugusa uso wa pedi. Kile kibati kidogo kinachopiga mluzi pedi zikikaribia kuisha kisikatwe eti kinasumbua. Kazi yake ni kusumbua. Pedi iliyobaki milimita 3 ibadilishwe. Baada ya kufunga mpya, dereva atafute barabara tupu, apunguze mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kama kumi bila kusimama kabisa, aziache zipoe, ndipo apakie mzigo.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hauwezi kusukuma kalipa. Hapo ndipo kanyagio linapozama kama lilivyozama kwa dereva wangu. Kanyagio likiwa gumu lakini gari halisimami, huenda ni pedi zilizozidiwa na joto. Likizama, shuku mafuta au uvujaji. Miaka miwili ikipita yabadilishwe, hata kama gari halijalalamika.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi tunaposhikilia. Tuchukue mfano tu, msomaji aweke bei za kwao. Tuseme pedi za bei ya chini ni Sh30,000 na zinakwenda kilomita 12,000. Zile zinazofaa ni Sh80,000 na zinakwenda kilomita 36,000. Ufundi ni Sh15,000 kila mara. Kwa kilomita 36,000, aliyenunua rahisi atanunua mara tatu na kulipa jumla ya Sh135,000. Aliyenunua inayofaa atalipa Sh95,000. Tofauti ni Sh40,000, na bado hatujahesabu diski iliyokwanguliwa wala siku mbili za soko zilizopotea gereji. Bei ya pedi haisomwi kwenye boksi, inasomwa kwenye kilomita.

Wapo watakaosema hesabu hiyo ni ya mwenye akiba, kwamba mtu mwenye gari moja na mkopo hana Sh80,000 siku pedi zinapokwisha. Ni kweli, na siwabezi, kwani nami nilikuwa hapo. Lakini pedi haziishi kwa ghafla. Zinaisha kidogo kidogo kila safari, kwa hiyo pesa yake nayo itengwe kila safari. Gari linalokwenda safari tatu kwa wiki hufanya safari zipatazo 150 kwa mwaka. Ukitenga Sh1,000 kila safari, mwisho wa mwaka una Sh150,000 ya breki isiyoguswa. Elfu moja kwa safari ni pesa ambayo gunia moja la viazi linaweza kuibeba.

Wengine watasema tukimwondolea dereva mzigo wa breki atalikanyagia gari hovyo kwa kuwa halipi yeye. Hofu hiyo nayo ina msingi, kwani wapo madereva wanaoshuka mlima kwa gia kubwa huku wakiegemea breki. Dawa yake ni kumfundisha na kumkagua. Mwambie mlima ushukwe kwa gia ndogo, uipime pedi kila mwezi na kuiandika. Pedi zikiisha mapema, mna kitu cha kuzungumza. Kumtoza dereva hakumfanyi akanyage taratibu, kunamfanya anyamaze breki zinapoanza kunuka.

Jambo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kijana wangu hakunyamaza. Alisema, nami nikamwambia avumilie kwa ajili ya nyanya. Wangapi hawasemi kabisa kwa sababu wanajua jibu ni kukatwa hesabu?

Serikali nayo ina sehemu yake. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC) wana wajibu wa kuzuia bidhaa duni na bandia, na spea za breki zinastahili kukaguliwa kabla ya bidhaa nyingine nyingi. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila kaunta. Mnunuzi anayedai risiti iliyoandikwa jina na namba ya pedi, na kuhifadhi boksi, anawapa mahali pa kuanzia. Anayenunua bila risiti hana hata pa kurudi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kila mwenye gari la mizigo. Breki, kwa maana ya pedi, diski, breki za nyuma na mafuta yake, zitolewe kwenye matengenezo madogo na ziwe juu ya mwenye gari, kwa maandishi. Elfu moja ya kila safari itengwe kabla hesabu haijapokelewa. Na dereva apewe ruhusa ya kulilaza gari siku breki zinaponuka, bila kudaiwa hesabu ya siku hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo jioni, kabla hujapokea hesabu, fungua ukurasa mpya, andika juu yake "Breki", kisha muulize dereva wako gari linashikaje likishuka na mzigo. Naye akikujibu, usimwambie avumilie.